Mwezi wa Kuhamia Arua

Naogopa radi. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa msichana wa bweni, nikalikana mbele ya mwanamume niliyewahi kuolewa naye, na nimelikana mbele yenu nyote mliowahi kufika kwangu Dodoma wakati wa mvua mkanikuta nimezima taa, nimefunga madirisha, nimekaa koridoni na mto mapajani. "Napenda utulivu mvua ikinyesha," nilikuwa nawaambia. Mliniamini, au mlikuwa na adabu. Naanza na hili kwa sababu bila hili hamtaelewa yaliyonipata West Nile, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa sababu kila mmoja wenu amenipigia akitaka kujua ilikuwaje, nami nimechoka kusimulia nusu nusu.

Wengi wenu mnamjua Zubeda, tuliyesoma naye chuo Kampala. Ni Mnubi wa Arua, mjane, watoto wameshatawanyika, nyumba kubwa imebaki na mwangwi. Alinialika nikaishi naye sehemu ya mwaka. Kazi yangu siku hizi naweza kuifanyia popote: nasikiliza mikutano ya mtandaoni na kuandika maneno ya Kiswahili yanayopita chini kwenye kioo cha kompyuta huku watu wakizungumza. Kampuni moja ilikuwa imeniahidi mkataba wa kudumu, zamu ya mchana, nikifaulu jaribio moja tu: kikao cha muda wa saa mbili, papo kwa papo, Alhamisi saa tisa alasiri. Nikishindwa, mdogo wangu alikwishaniandalia dawati kwenye shule yake binafsi, nifundishe darasa la sita na nimwite "Mkurugenzi". Mtu niliyemwogesha kwa mikono yangu hii.

Swali likawa, nihamie lini? Nilichora jedwali kwenye kompyuta: joto, unyevunyevu, vumbi, matope, mbu, upatikanaji wa nyanya. Miezi kumi na miwili ikashindana. Kila mara Januari ilishinda, na kila mara ilipokaribia kushindwa nilirudi nikapunguza alama za Juni. Nikamtumia Zubeda matokeo, nimeyapa na kichwa cha habari. Akajibu kwa sauti, nikamsikia anatafuna kitu: "Salo, Desemba mpaka Machi mimi naenda kwa binti yangu Kampala. Nyumba inafungwa. Njoo mvua zikiwepo. Ndiyo miezi ninayokaa peke yangu."

Tukakubaliana nije Aprili, wiki moja, nionje. Jaribio langu likaangukia wiki hiyohiyo.

Kampala hadi Pakwach

Basi liliondoka alfajiri, na mpaka saa nne tulikuwa tumekwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Jirani yangu wa kiti alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mzee Drani, anarudi Arua na mfuko wa vitunguu na redio mpya iliyofungwa kwenye taulo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Wewe iko ya shirika gani?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Mimi si wa shirika, mzee. Nafanya kazi yangu tu."

"Na hii kompyuta?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Akalitazama begi langu kwa huruma. "Sawa. Kama hapana taka sema, hapana sema."

Tulipopita Karuma, nyani wakiwa wamekaa kando ya barabara kama abiria waliochelewa, injini ilitoa mlio wa chuma kikisagwa na basi likasimama. Mkanda ulikuwa umekatika. Kondakta alisema dakika ishirini. Mzee Drani akafungua taulo, akatoa redio, akaiweka mapajani na kutafuta taarifa ya habari. Mwenyewe alijua ni saa ngapi hizo dakika ishirini.

Watu wakashuka wakakaa kwenye majani. Mimi nilibaki ndani. Kusini, nyuma yetu, wingu lilikuwa linapanda, la rangi ya mwiko wa zamani. Nilifungua kompyuta nikajifanya naandika. Niliandika kweli: niliandika "wingu" mara nyingi.

"Mama, shuka upate hewa," kondakta aliniita dirishani.

"Nina kazi ya kumaliza."

"Hapa hapana mutandao."

"Ni kazi isiyotaka mtandao."

Mzee Drani, aliyekuwa mlangoni, akamwambia kondakta kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Wacha yeye. Naandika ripoti ya sisi."

Wingu lilipita upande wa mashariki na kwenda kuwanyeshea wengine. Mkanda mwingine uliletwa kwa pikipiki saa tisa. Pakwach tulifika jua likiwa limelegea, tukavuka Nile, na wachuuzi wakapandisha madirishani samaki wakavu waitwao angara, waliopangwa kwenye vijiti. Mzee Drani alininunulia kimoja bila kuuliza. "Kula. Andika kwa ripoti, watu ya hapa iko na roho safi." Nilikula wote, pamoja na miiba midogo. Nimeiandika, mzee.

Arua

Arua nilifika usiku, nikalala nyumba ya wageni karibu na kituo cha basi. Asubuhi ya Jumanne nikaenda kwa Zubeda na kukuta kufuli. Jirani, mwanamke aliyekuwa anatwanga karanga, alinieleza kwamba Zubeda ameitwa Koboko, mji wa mpakani, jana: shangazi yake, Hajati Mariamu, ameteguka mguu shambani kwake Dranya na sasa amehamishiwa nyumba ya mjini ili auguzwe. Simu ya Zubeda haikupatikana. Ufunguo, bila shaka, alikuwa nao yeye.

Nilikaa kibarazani kwake nijaribu mtandao. Ulikuwa mzuri. Hewa ilikuwa nzito, blauzi imeshikamana na mgongo, lakini anga lilikuwa safi kama sinia lililosuguliwa, nami nikaanza kujiambia kwamba huenda Aprili imesingiziwa. Mwanamke wa karanga akaniletea sahani: enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, na mboga ya kunde iliyopondwa na karanga. Nilimshukuru nikala huku nikiandika. Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na wenzake wawili.

"Mimi ni Amaniyo," mwanamke wa karanga alisema taratibu, akitazama vidole vyangu. "Watoto sita. Nyumba ilibomolewa na upepo mwaka jana."

Wa pili: "Mimi ni Letasi. Watoto wanne na mjukuu. Mimi sikupata turubai."

Nilichukua muda mrefu wa aibu kuelewa kwamba nilikuwa ninaandikisha watu. Nilipowaeleza kuwa mimi si wa shirika, kwamba huwa naandika yanayosemwa na watu mkutanoni, Letasi aliuliza, "Na sisi tunasema nini sasa hivi?" Niliandika majina yao yote matatu na idadi ya watoto, nikawaonyesha kioo. Walisoma, wakasahihisha herufi moja, wakaridhika kidogo kuliko mimi.

Saa tisa kamili anga lile safi lilifunga ghafla. Nilisikia radi ya kwanza upande wa Kuluva, mbali. Nilifunga kompyuta, nikaaga, nikarudi nyumba ya wageni nikitembea kwa mwendo ambao mtu wa heshima huuita wa haraka. Nililala chali kitandani, mto juu ya uso, hadi saa kumi na mbili. Nilipotoka, wa mapokezi waliniuliza kama ninaumwa. "Uchovu wa safari," nikasema. Hapo ndipo nilipohesabu: jaribio ni kesho kutwa, saa tisa hiyohiyo.

Arua hadi Koboko

Jumatano Zubeda alinipata kwa simu. "Njoo huku, siwezi kumwacha mzee. Kuna hoteli mjini ina jenereta na mtandao wa nguvu, nimeshaongea nao. Watakupa chumba Alhamisi mchana. Dakika kumi kutoka hapa."

Nilipanda gari dogo la kukodi nikiwa na Mama Furaha, Mkongomani mfanyabiashara wa vitenge, aliyejaza kiti cha nyuma kwa mabunda na kuniachia cha mbele. Barabara ni nzuri, lami nyeusi katikati ya mashamba ya tumbaku na muhogo. Ilikuwa saa nane tulipoondoka, na niliangalia juu zaidi ya nilivyoangalia mbele.

"Mama, unatafuta ndege?" Mama Furaha aliuliza.

"Naangalia tu hali ya hewa."

"Hali ya hewa itakuja yenyewe, haitaki kuangaliwa." Akacheka mpaka mabunda yakatikisika. Kisha akaniuliza, "Unaishi peke yako?"

"Naishi peke yangu."

"Na unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Eh! Basi weye ni mutu wa kwanza." Akamgeukia dereva wakasemezana Kilingala, na dereva akanitazama kwenye kioo hadi karibu tuparamie mbuzi.

Tulipokaribia Koboko simu yangu ililia. Kampuni ya simu ya nchi ya jirani ilikuwa inanikaribisha kwake. Nikaitazama saa: ilikuwa imerudi nyuma saa nzima. Mchana ulikuwa umejirudisha.

Koboko

"Simu za hapa huvuka mpaka zenyewe," Zubeda alinieleza aliponipokea. "Zikishika mnara wa ng'ambo, zinachukua na saa ya ng'ambo. Usiiamini. Tazama hiyo ya ukutani." Alinionyesha saa ya duara juu ya mlango wa sebule, yenye picha ya Kaaba. Naomba mlishike hilo. Niliambiwa. Niliambiwa Jumatano jioni, nikiwa na akili zangu, nikila gurusa, ile mikate laini ya Kinubi, na chai ya tangawizi.

Hajati Mariamu alikuwa amelala sebuleni juu ya kitanda cha kamba ili asipitwe na jambo, mguu umefungwa bendeji, macho makali. Kiswahili chake alikirithi kwa baba askari na kukimalizia sokoni. Alinipenda mara moja, kwa namna yake.

"Huyu ndiyo ile ya kuandika maneno ya watu?"

"Ndiyo, shangazi," Zubeda alisema.

"Na ya kwake nani naandika?"

Alhamisi asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nilifanya mazoezi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano, vidole vikikimbia, mtandao haukutikisika hata mara moja. Saa sita upepo ukakata. Saa saba majani ya mgomba uani yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa. Upande wa Ludara anga lilikuwa linageuka.

"Nenda sasa," Zubeda alisema. "Kabla halijakaza. Nimuite bodaboda?"

"Bado mapema."

Saa nane na dakika kumi, kwa saa ya Kaaba, alirudia. "Salome, nenda."

Nikatazama simu. Saa saba na dakika kumi. Nikamwonyesha. "Nina muda wa kutosha."

"Hiyo ni saa ya watu wengine!"

"Nitairekebisha," nikasema, nikaiweka mfukoni. Bodaboda alikuja, akasubiri kwenye lango, akatazama juu, akaondoka bila kuaga. Nilimwona akiondoka. Sikumwita.

Ndipo Hajati alipopiga makofi mawili. Wale wa nyumba ile walijua maana yake. Zubeda akazima redio na kuchomoa waya za sola. Msichana wa kazi akatupia khanga juu ya kioo cha kabati. Beseni la plastiki la bluu likapitishwa, na kila mtu akazima simu yake na kuiweka ndani. Beseni likanifikia.

"Mgeni, weka," Hajati aliamuru. "Na hii kitambaa nyekundu ya shingo, toa. Radi napenda nyekundu."

"Hajati, saa tisa nina kazi. Kazi kubwa. Naomba nikae chumbani na kompyuta yangu, mlango nitafunga."

"Hapana. Kwa nyumba yangu mutu hapana sema na mashini wakati ya radi."

Ningeweza kuomba mwavuli. Ningeweza kukimbia, hoteli ilikuwa juu ya barabara, paa lake la kijani linaonekana. Nilikuwa na dakika arobaini za kweli. Badala yake nilizima simu nikaiweka kwenye beseni, juu kabisa, nikavua skafu, na, wenzangu, nilisikia mwili wote ukilegea kwa raha. Nilikuwa nimeamriwa. Kosa lilikuwa la mzee, la mila, la saa ya ng'ambo, la mtu yeyote. Zubeda akaninyang'anya kompyuta akaifunga ndani ya shuka, akinikazia macho.

Radi ya kwanza ilipiga kama bati linapasuliwa kichwani pangu. Nilijikuta nimekaa mkekani, mgongo kwenye kitanda cha Hajati, mikono masikioni. Ya pili ilikuja na mwanga wake kwa pamoja. Mvua ikaangukia paa, tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele.

"Wewe naogopa?" Hajati alinipigia kelele sikioni.

"Hapana, Hajati!"

"Mimi naogopa!" alisema, kama mtu anayetaja kabila lake. "Sana! Jirani yangu wa Dranya ilikufa kwa shamba, jembe mukononi. Mimi naona. Sisi yote naogopa. Huyu naogopa." Akamnyooshea Zubeda kidole. "Huyu naogopa." Msichana wa kazi akatikisa kichwa kukubali. "Wewe peke yako ndiyo shujaa?"

Zubeda akaanza kucheka. "Shangazi, huyu? Bwenini radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya kitanda. Tukimuuliza anasema anatafuta kandambili. Nusu saa, anatafuta kandambili!"

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Salo, tulijua wote. Tulikuwa tunaficha kandambili zako ili usipate shida ya kujieleza."

Ukaja mpasuko mwingine, nikaushika mkono wa Hajati bila kuomba ruhusa, naye akaushika wangu kwa nguvu ambayo haikuwa ya kunifariji. Alikuwa anatetemeka kweli. Juu ya mlango mshale mrefu ulifika kumi na mbili, ukapita. Saa tisa. Saa tisa na robo. Nilihesabu watu waliokuwa wanazungumza mahali fulani bila maneno yangu chini yao. Zubeda aliniona natazama.

"Bado ni saa nane," nikasema. "Kwa simu."

"Simu iko kwenye beseni," alijibu. Hakucheka tena.

Saa tisa na dakika arobaini mvua ilipungua, ngurumo zikahamia Kongo. Hajati akapiga kofi moja na beseni likapitishwa tena. Niliwasha simu, na kabla sijafungua ujumbe hata mmoja ikaita. Alikuwa Neema, msimamizi wangu mtarajiwa, msichana wa Arusha mwenye umri wa kuzaliwa na mimi.

"Bi Salome! Kulikoni? Nimeandika mwenyewe dakika arobaini, ndiyo kwanza mwenzangu anipokee, wateja wanauliza. Uko salama?"

Kisingizio nilikuwa nacho tayari, kimeiva, na cha kweli nusu yake. "Neema, pole sana, mama. Huku ni mpakani. Simu inashika mnara wa nchi nyingine, saa inarudi nyuma yenyewe, nami nikadhani..."

Nikanyamaza. Hajati alikuwa ananitazama kutoka kitandani, ananisikiliza kwa makini yote, akisubiri kama mtu anayesubiri bei. Zubeda alikuwa ananifungulia kompyuta kwenye shuka, kichwa ameinamisha.

"Ukadhani nini, Bi Salome?"

"Sikudhani. Saa nilikuwa naijua. Iko ukutani mbele yangu. Hoteli yenye mtandao iko dakika kumi, sikwenda. Kulikuwa na radi, na mimi naogopa radi. Niliogopa tangu jana, tangu juzi. Nilizima simu nikakaa chini."

Nilisikia mtu akikohoa upande wake, mkutano ukiendelea.

"Kwa hiyo si mtandao," alisema.

"Si mtandao."

"Zamu ya mchana siwezi kukupa. Nampigia yule mwombaji mwingine leo jioni."

"Naelewa."

"Usikate, bado naongea." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kazi. "Wiki hii watu wanne wameniambia mtandao, na mmoja kati yao nilimwona sokoni. Nina zamu ya alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa tano asubuhi, mikutano ya Asia. Haina mtu, kila ninayemtajia anaikataa. Huko uliko, radi inapiga asubuhi?"

Nilikuwa na jedwali lenye unyevunyevu, mbu na nyanya za miezi kumi na miwili, na katika safu zote zile hakukuwa na asubuhi wala alasiri. Nikaiweka simu kwenye spika. "Hajati, kwa miezi ya mvua, asubuhi radi iko?"

"Asubuhi?" Alishangaa kuulizwa. "Asubuhi iko ya kazi. Watu nalima, nafua, naenda soko. Mvua nakuja saa nane, saa tisa, watu nakaa chini naogopa. Kila siku iko hivyo."

"Huyo ni nani?" Neema aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwambie ahsante. Alfajiri ni yako kwa miezi mitatu, nikuone. Ukishindwa, uniambie umeshindwa kwa nini. Unahamia lini?"

Zubeda aliinua kichwa. Ndilo swali lile nililokuwa nimelitengenezea jedwali, nikalipikia alama, nikaliogopa tangu Dodoma.

"Mei," nikasema.

"Mei!" Hajati alijiinua kwa kiwiko, mguu ukamuuma, akaguna. "Mei radi iko kila siku!"

"Najua, Hajati," nikamwambia.

"Unajua nini?" Neema aliuliza kwenye simu, nikamwambia: Mei radi ni kila siku, nami nitakuwa naogopa.